Ng'ombe wa Esteria

Tuelewane mapema: Machibya hakuwa mjinga. Watu wa Mpanda walimwita hivyo baadaye, tena wengine ni walewale waliokuwa wakidandia gari lake bure siku za Jumapili. Lakini mjinga hawezi kutoka Bariadi na ng'ombe arobaini, akawaswaga miezi mitatu porini, nusu wakafa kwa mbung'o, halafu baada ya miaka kumi akawa na zizi linalomchosha mtu kulihesabu. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Kilichomponza ni kiti.

Siku hiyo alikwenda ofisini kutafuta kibali cha kusafirisha ng'ombe. Alifika saa mbili asubuhi, kavaa makatambuga yake ya tairi na shuka begani, akaambiwa asubiri nje. "Nyie Wasukuma na ng'ombe zenu mnatuletea inzi humu," karani alisema, wala hakuinua uso. Machibya akachuchumaa ukutani mpaka saa saba. Saa saba likaja gari dogo jeupe, likamshusha bwana mmoja mnene, na karani yuleyule akatoka mbio, akamkaribisha ndani na kumpa kiti chake mwenyewe akalie. Machibya akauliza huyo ni nani. Akaambiwa si mtu wa maana, anauza bia Sumbawanga. Basi! Mtu asiye na hata ndama mmoja amekalia kiti cha karani, na yeye Machibya yuko chini na kuku wa watu. Jambo hilo lilimkaa kooni mwaka mzima.

Gari lake lilikuja kwa treni kutoka Tabora, kiangazi cha mwaka tisini na nne, limefungwa minyororo juu ya behewa la wazi. Lilikuwa jeusi, refu, la Kijerumani, lina viti vya ngozi na vioo vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Dalali aliyemuuzia aliapa kwamba lilikuwa la balozi, na kwamba kwa miaka kumi na mitatu lilikuwa likimpeleka balozi kanisani tu. Miaka kumi na mitatu kanisani! Na Machibya akaamini. Alitoa ng'ombe thelathini, wa kwake mwenyewe, na hapo hakuna wa kumlaumu, mtu na mali yake. Stesheni nzima ilisimama kutazama likiteremshwa juu ya mbao. Akina mama wa ndizi waliacha beseni zao. Jina lilipatikana palepale: Mjerumani.

Mkewe, Minza, alilizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Linakunywa nini?" akauliza.

"Petroli."

"Na likiugua anaitwa nani?"

"Hili haliugui, Mama Esteria. Hili ni la Ulaya."

Minza akaguna, akarudi kupeta mpunga wake.

Sasa lazima nieleze habari ya ng'ombe wa Esteria, maana ndiyo habari yenyewe. Esteria alikuwa binti yao wa kwanza, mrefu kama baba yake, mcheshi, mtu wa kuimba shambani tangu asubuhi mpaka majirani wanachoka. Mwaka mmoja kabla ya gari kuja aliolewa na Ezekia, mtoto wa mzee Lutonja wa Majimoto, kule ng'ambo ya mbuga ya wanyama, kwa ng'ombe ishirini na sita. Ng'ombe wa namna hiyo, kwa watu wa Machibya, si mali ya kuchezea, hasa ndoa ikiwa changa na mtoto hajapatikana. Ndoa ikikataa, ng'ombe wanarudishwa kichwa kwa kichwa, na binti anabaki kwa mama yake, huru, hakuna wa kumfuata. Wasiporudi, binti ni mke wa watu, hata akimbie mara mia. Hilo hata watoto wachungaji wanalijua. Machibya alilijua kuliko wote, maana yeye mwenyewe alikuwa akiitwa kwenye mabaraza ya kuamua mambo hayo.

Ng'ombe hao hawakukaa nyumbani. Mfugaji anayejua kazi yake haweki mali yote zizi moja, ugonjwa usije ukaifagia kwa wiki moja. Wale wa Esteria aliwaweka kwa rafiki yake Enoka, milimani Mwese, kusiko na mbung'o. Enoka anawachunga, anakunywa maziwa, mara mojamoja anapewa ndama kwa shukrani. Kwa hiyo Minza hakuwa akiwaona. Wale wa nyumbani aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na tabia. Ungeuza hata mtamba, angekuuliza jioni ileile. Lakini wale wa Mwese alikuwa akiwaona kwa kuambiwa tu.

Mwanzoni kulikuwa na raha, tusimnyime mtu haki yake. Machibya alijifunza kuendesha kwa wiki mbili kwenye uwanja wa mpira, maana gari lenyewe halikuwa na klachi, unakanyaga tu na linakwenda. Akaenda nalo ofisini. Hakuwa na shida yoyote ofisini, alikwenda tu. Yule karani akalisikia, akachungulia dirishani, akatoka nje akifunga vifungo vya shati. "Karibu mzee wangu, karibu ndani, ukae." Machibya akakaa. Alikaa pale nusu saa akitazama kuta, moyo mweupe, na alipoulizwa amefuata nini, akasema amepita kusalimia.

Raha hiyo ilidumu miezi minne.

Lilianza bomba la moshi. Barabara zetu hazikuchongwa kwa ajili ya tumbo la gari la balozi. Bomba liling'oka Kabungu, shokapu zikafuata, kisha bushi zote za mbele. Hizo alizilipia kwa mpunga. Halafu gari likaanza kukata moto njiani. Petroli ya Mpanda ilikuja kwa mapipa na kuchujwa kwa kipande cha kanga, ina maji, ina kutu, na malori yalikuwa yamekwisha kuizoea. Lakini Mjerumani alikuwa na noseli, vitundu vya kupulizia mafuta, vyembamba kuliko tundu la sindano, na vyote vikaziba.

Akaitwa fundi Venansi. Huyu alikuwa Mfipa mpole mwenye karakana nyuma ya soko, aliyejifunza ufundi kwa mabruda kule Karema, ziwani. Landrova angeweza kuifungua yote na kuifunga akiwa na homa. Akainua boneti ya Mjerumani, akachungulia huku na huku.

"Mzee," akasema mwishowe, "humu ndani kuna nyaya nyingi kuliko posta."

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Ila spea ni Dar."

Spea ni Dar. Machibya aliyasikia maneno hayo mpaka akawa anayaota. Maana yake ni kuandika barua, kutuma pesa kwa mtu wa treni, kusubiri wiki tano, kisha kuletewa kitu kidogo kinachoenea kiganjani, chenye bei ya dume la kukokota plau. Na dume la plau atamtoa wapi? Akimtoa nyumbani, Minza ataona. Akapanda lori kwenda Mwese.

"Hawa si wa Esteria?" Enoka akamuuliza.

"Nawaazima wawili. Nikivuna mpunga nawarudisha."

"Mama Esteria anajua?"

"Enoka, wewe chunga ng'ombe."

Na kusema kweli alikusudia kuwarudisha. Nataka hilo lieleweke, maana mimi mwenyewe nikikumbuka habari hii huwa napandwa na hasira, halafu nakumbuka kwamba mtu yule alimpenda binti yake. Alikusudia kabisa. Ila mpunga ulipovunwa, gia boksi ikaanza kuvuja.

Ilivuja mafuta mekundu, matone matone, na gari likawa zito kuondoka. Venansi akaingia uvunguni, akatazama, akatoka akitabasamu kwa mara ya kwanza. Gia boksi inayovuja aliijua. Mekundu yale akadhani ni kutu. Akajaza oili ya gia, ile nzito namba tisini, ileile aliyokuwa akiweka kwenye Landrova za misheni tangu ujana wake, akajaza mpaka ikafurika. Hakuna mtu Mpanda nzima aliyewahi kufungua gari lisilo na klachi. Hakuna aliyejua kwamba gia za namna ile zinataka mafuta mepesi, yao peke yao. Gari likaenda kilomita mbili, likatoa mlio kama fahali anayechinjwa, likasimama. Injini ikawa inanguruma na magurudumu hayataki kabisa. Likarudishwa mjini kwa kukokotwa na maksai wanne, watoto wakishangilia.

Venansi alipoambiwa kwa barua ya watu wa Dar kosa lenyewe ni nini, alikuja nyumbani kwa Machibya na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani.

"Mzee, nimekuua. Chukua baiskeli, ndiyo mali niliyo nayo."

"Rudi na baiskeli yako, fundi. Hukujua. Hata mimi nisingejua."

Ndivyo alivyokuwa. Gia boksi nyingine, nayo iliyokwisha kutumika, ilikula ng'ombe wanane wa Esteria. Kisha maji ya kisima yenye chokaa yakaziba rejeta, gari likachemka njia ya Inyonga, gasketi ikaungua na hedi, kile kichwa cha injini, ikapinda. Watano tena. Vioo vya kubonyeza vikakwama chini masika yote, viti vya ngozi vikaota ukungu. Tairi zake hazikuwa za saizi ya lori lolote. Kila mwezi kitu, kila kitu Dar.

Utauliza, kwa nini hakuliuza? Mimi pia niliuliza. Lakini Machibya alikuwa mfugaji, na mfugaji ng'ombe wake akiugua hamtupi kwa bei ya ngozi. Anamnywesha dawa hii, anamchoma ile, na kila dawa anaona ndiyo ya mwisho, kesho atasimama. Hivyo ndivyo alivyolifanya gari. Tena kadiri lilivyomla ndivyo lilivyokuwa gumu kuachwa: limekwisha kula ishirini na wawili, ukiliacha leo hao ishirini na wawili wamekufa bure. Mwezi wa pili mwaka tisini na saba alikwenda Mwese kwa mara ya mwisho.

"Hawa wanne ndio wa kumalizia," Enoka akamwambia. "Na ndama wao uliwachukua juzi. Mzee, zizi limekwisha."

"Usiseme kwa mtu."

Mwaka huohuo ndigana, ugonjwa wa kupe, ikapita nyumbani kwake, ikaua usiku na mchana, ikabakiza ng'ombe kumi na mmoja. Minza alilia siku tatu, halafu akajipa moyo.

"Ashukuriwe Mungu," akamwambia mumewe, "wale wa mtoto wetu wako Mwese."

Machibya akasema ndiyo, wako Mwese.

Esteria alikuja mwezi wa saba, juu ya lori la mahindi kutoka Majimoto, hana hata kifurushi. Mara ya kwanza alikuwa amekuja na meno mawili pungufu, wakwe wakaomba radhi, akarudi. Safari hii alishuka polepole, akamsalimia baba yake kwa kupiga magoti, akaenda jikoni kwa mama yake kana kwamba ametoka kisimani. Minza akamwita kwa upande wa kushoto. Hakugeuka. Akamwita tena, kwa nguvu. Hakugeuka. Ezekia alikuwa amempiga sikio hilo kwa mpini wa jembe, kwa sababu miaka minne ilikuwa imepita na hajazaa.

Machibya alitoka nje, akasimama nyuma ya zizi ambako hakuna wa kumwona, akalia kwa kwikwi kama mtoto.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa. Mzee Lutonja hakubisha, na hata aibu ilikuwa usoni mwake, mwanawe alimjua. "Sisi hatuna maneno mengi," akasema. "Binti amechoka, tumeona. Ng'ombe wetu ishirini na sita warudi kabla ya mvua, na binti yenu abaki kwenu. Wasiporudi, baba yake amlete mwenyewe kwa mkono wake, na mwanangu tutamwonya."

Macho yote yakamgeukia Machibya. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hapo! Aibu ya siku moja, wazee wangemtukana, wangempa hata muda mrefu zaidi, nani ajuaye. Lakini alimwona Esteria amekaa pembeni na mama yake, ametega sikio lile moja zima, akitabasamu kidogo, maana alijua ng'ombe wapo. Machibya akashindwa.

"Wapo," akasema. "Watarudi."

Baraza likaweka siku na adhabu: akivunja neno, asilete ng'ombe wala binti, anatengwa, hakuna wa kumpa moto wala maji, hakuna wa kuja msibani kwake. Wakatawanyika. Esteria akalala usingizi siku nzima, na kesho yake Minza akamsikia akiimba, kwa sauti ya chini, akichuma majani ya kunde.

Miezi miwili ile Machibya alikonda mpaka shuka ikawa inamzunguka mara mbili. Aliandika barua Bariadi kwa kaka yake. Jibu likaja kwamba ukame umemaliza kila kitu. Akatangaza kuuza gari. Wote waliokuwa wakilisifu walilizunguka, wakapiga teke tairi, wakaondoka. Dalali wa Tabora akatuma salamu kwamba atalichukua kwa thamani ya ng'ombe wawili, kwa ajili ya viti na vyuma.

"Mwambie ukweli, Venansi," Machibya akamwomba fundi. "Hili lina thamani gani?"

"Mzee, ukitaka ukweli, gari hili ni zuri kwa mtu anayekaa mlango wa pili na kiwanda chake. Huku kwetu hakuna anayelitaka hata bure, maana bure yenyewe inakula."

Wakati huo Minza alikuwa amekwenda Mwese. Hakumwambia mtu. Alitaka kuwaona ng'ombe wenyewe, awajue kwa rangi kabla hawajaondoka, labda awashukuru. Wanawake wa kwetu hufanya hivyo. Alikaa huko siku nne, akarudi amekaa juu ya magunia ya maharage kwenye lori, akaingia uani bila kusalimia. Machibya alikuwa akinoa panga.

"Nimetoka kwa Enoka," akasema.

Machibya akaacha kunoa.

"Nimeliona zizi. Amepanda mchicha."

"Mama Esteria..."

"Usiniite hivyo leo." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Kila nilipokuuliza ulisema wapo. Miaka mitatu. Nilikuwa nalala usingizi kwa sababu ya ng'ombe wale, unajua? Niliposikia anapigwa, nilikuwa nasema moyoni, si kitu, ng'ombe wapo, siku yoyote anarudi."

Machibya akaliweka panga chini. Angesema nini? Kwamba noseli ziliziba?

Esteria alikuwa mlangoni. Upande ule wa sikio zima ndio uliokuwa kwao, na alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama baba yake, si kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini.

Machibya alikuja na mipango. Atamtorosha, atampeleka Bariadi kwa shangazi yake. Atamficha Karema, wavue dagaa huko na mtu asiwajue. Esteria alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Na Mama atabaki na nani?" akauliza. "Nikikimbia watakuja kuchukua hao ng'ombe kumi na mmoja, mkose hata maziwa. Nanyi mtengwe. Mama akifa azikwe na nani? Nirudishe, Baba. Tarehe haijafika, lakini nirudishe kabla sijaanza kuogopa."

Sharti lilikuwa baba amlete kwa mkono wake, na wiki ile hapakuwa na lori la Majimoto. Likabaki Mjerumani. Venansi alilishughulikia siku mbili, hakutaka senti, akabadilisha mafuta, akasafisha noseli, akakaza kila kitu kinachokazika. "Nimefanya ninachojua, mzee," akasema, hata hakumtazama usoni.

Waliondoka alfajiri kukiwa kunaanza kukucha. Minza alimkumbatia binti yake kwa muda, kisha akaweka kiganja juu ya boneti ya gari, akakiacha pale kidogo, akasema, "Haya, nendeni." Machibya alishangaa kwamba halii.

Sasa nisikilizeni. Gari lile, kwa miaka mitatu, halikuwahi kufika mbali na Mpanda bila kurudishwa kwa kamba. Machibya alijua kila sauti yake mbaya. Na alipokuwa akiendesha asubuhi ile, binti yake amekaa nyuma na kanga yake mapajani, alianza kuomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba tangu anunue gari hilo: life. Likifia njiani watarudi nyumbani. Itapatikana siku moja zaidi, labda wiki, spea ni Dar. Aliikaza shingo, akasikiliza. Injini ilikuwa inakwenda kama maji. Akaingiza gurudumu shimoni makusudi, gari likazama na kuinuka, likaendelea. Sindano ya kupimia joto la injini ikakaa katikati, haitikisiki.

Sitalike walivuka daraja, viboko wamelala matopeni. Hapo alisimama, akazima, akasema anataka kulipumzisha.

"Limechoka?" Esteria akauliza kwa matumaini, na Machibya akajua kwamba hata yeye alikuwa akiomba hilohilo.

Wakakaa dakika kumi. Kisha Machibya akageuza ufunguo, na gari lililokuwa likikataa kuwaka mpaka betri inakwisha likawaka kwa jaribio la kwanza, palepale, kwa heshima.

Ndani ya mbuga mbung'o walikuja kwa makundi. Machibya akabonyeza kitufe bila kutegemea, na vioo vyote vinne vikapanda. Alipiga usukani kwa ngumi. "Mbwa wewe!" akaliambia gari. "Mbwa! Leo? Leo ndiyo unajua?" Esteria akaanza kucheka nyuma, kicheko chake kilekile cha shambani, kikageuka katikati kuwa kilio, akajifunika kanga usoni. Baba yake aliendesha huku machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, hakuyafuta.

"Baba," akasema Esteria walipoanza kuona minazi michache na nyumba za Majimoto, "usilie mbele yao. Watajua hakuna wa kuja kunichukua tena."

Basi Machibya alijikausha uso. Mzee Lutonja aliwapokea vizuri, Ezekia alisimama kando akitazama chini, watu wakaja kulishangaa gari. Esteria alishuka, akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema, "Ahsante kwa kunileta salama." Akainuka, akachukua ndoo iliyokuwa mlangoni, akaenda kisimani. Hakugeuka nyuma. Machibya hakukubali kula wala kunywa maji.

Alifika nyumbani saa kumi jioni. Gari halikuwa limetaka hata kikombe cha maji njia nzima.

Minza aliposikia muungurumo alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, uso umechangamka. Nyuma yake, kwenye mkeka, Machibya aliona sahani tatu, na beseni la ugali lililofunikwa kwa ungo. Minza akachungulia kiti cha nyuma. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Limeharibikia wapi?" akauliza. "Umemwacha kwa nani?"

"Halikuharibika."

"Hata Sitalike?"

"Hata Sitalike, Mama Esteria. Limefika mpaka kwao."

Minza akaliangalia gari, akamwangalia mumewe. Akakaa chini mavumbini, akaanza kulia kwa sauti, na Machibya, asijue amshike wapi, akakaa kando yake.